Mjomba Muuza Majini

Nani kasema ukipata mpwa msomi umepata neema? Aje huku Misfat anitazame.

Dada yangu kazaa msomi. Kijana kamaliza chuo Nizwa, mambo ya kompyuta. Tukangoja apate kazi Maskati. Kimya. Tukangoja aoe. Kimya zaidi. Kumbe mwenzetu yuko chumbani anatunga mchezo. Si mpira, si karata, si keram. Mchezo wa kukaa mezani na kusema uongo kwa zamu.

Mie ndivyo nilivyoufahamu, na mpaka leo hajatokea mtu wa kunifahamisha vyengine. Mnakaa watu wanne, watano. Mmoja ndiye msimulizi. Waliobaki kila mmoja anajigeuza. Huyu mfinyanzi wa Bahla. Huyu mchunga mbuzi wa Jebel Shams. Huyu nahodha wa Sur, na usiniulize nahodha katafuta nini mlimani. Msimulizi anasema: mmefika Bahla, usiku, nyuma ya ukuta kuna sauti, mnafanyaje? Basi kila mtu anasema atakalolifanya. Mnatazama bahati kama limefaulu. Mnaendelea.

Nikauliza, nani anashinda? "Hakuna anayeshinda, mjomba." Kete mnakula? "Hakuna kete." Ubao je? "Hakuna." Unaisha lini? "Mkichoka." Sasa ndani ya sanduku mna nini? "Kitabu." Bei gani? "Riali sita."

Riali sita! Mie mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Michezo naijua. Bao lina mashimo 32 na kete 64, unanunua mara moja, unazikwa, wajukuu wanaendelea. Tena kete zenyewe komwe, zinaokotwa. Wenyeji huku wana hawalis yao, mashimo 28 na kete 56, na wengi hata ubao hawana habari nao: wanachimba mchangani chini ya mti, wanaokota vijiwe, wanagombana mpaka magharibi. Gharama sifuri. Na habari za majini bibi yangu alikuwa akizitoa bure, na muhogo wa kuchoma juu yake. Leo mtu atoe riali sita asimuliwe jini, na msimulizi mwenyewe hakupewa humo sandukuni, amtafute mwenyewe!

Nikayasema yote hayo mbele ya dada. Dada akanitazama. Akasema, "Wewe si huna kazi?" Kumbe kustaafu kwetu maana yake ndiyo hiyo. Masanduku yakapakiwa kwenye gari yangu. Petroli yangu.

Kabla ya kunituma, kijana akanifungulia laptopu anifunze biashara. Kuna njia mbili, mjomba. Ya kwanza dukani. Huko Marekani na Ulaya, ambako michezo hii ina maduka yake maalumu, kitabu kinachouzwa dola 50 duka kwa kawaida linakichukua kwa kama nusu ya hapo. Na duka halikichukui kwako, linachukua kwa msambazaji, na msambazaji kwako wewe hatoi zaidi ya dola 20 hivi. Humo humo kwenye 20 utoe mchapishaji, mchoraji na meli. Nikamwuliza, na mtungaji? Akanyamaza kidogo. Akasema mtungaji anapata jina.

Njia ya pili ni kumwuzia mteja mkono kwa mkono. Wenzetu wana Kickstarter, ilianza 2009. Unaonyesha mchezo ambao hujauchapa bado, watu wanakulipa kwanza, ndipo unachapa. Mie nikadhani ni utapeli. Akasema hapana, ni teknolojia. Jukwaa linachukua asilimia tano, na za kupitisha malipo juu yake, basi. Akanipa mfano wa Exploding Kittens, karata za paka wanaolipuka. Mwaka 2015 watu zaidi ya laki mbili walizichangia dola milioni nane na ushei. Paka! Wanaolipuka! Mie nna majini wa Bahla, mji ambao Omani nzima inaunong'onea, ngome yake imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1987, na sijauza hata kwa jirani.

Nikamwambia basi na sisi tujitie huko kwa hao paka. Akasema haiwezekani, mwenye mradi lazima awe na makazi na benki katika nchi zilizomo kwenye orodha yao, na Omani haimo. Akaifunga laptopu. Akanishika bega. "Kwa hiyo, mjomba, jukwaa letu ni wewe."

Nilipoanza kununa akanitia moyo kwa historia. Mchezo wa kwanza wa namna hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Wenyewe wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Huyo Gygax kazi ya bima ilikuwa imemtoka, akawa anashona viatu nyumbani. Fundi viatu! Hapo nikakaa sawa. Kampuni ya Gygax na wenzake ilichapa nakala elfu moja tu, wakazipanga sandukuni kwa mikono nyumbani kwao, dola kumi sanduku, nyingi zikenda kwa posta na kwa watu wanaojuana. Hawakungoja duka. Kijana akasema, "Unaona? Nao walianza hivi hivi." Nikamwambia mie sikuanza chochote. Mie nilikuja kunywa kahawa kwa dada.

Basi huyo, nikapanda Misfat.

Kama hujafika Misfat al Abriyeen, ni kijiji juu ya Al Hamra, kimebandikwa kwenye mwamba. Nyumba za mawe na udongo zimepandana, huyu dari yake ndiyo baraza ya yule. Falaj, mfereji wa maji, inapita katikati, chini mitende, makomamanga, ndimu na migomba kwa ngazi. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa likakitia katika vijiji bora vya utalii duniani, na tangu hapo wazungu hawakatiki, hasa Oktoba mpaka Machi. Kijana kapiga hesabu: wageni wengi, wana pesa, hawana la kufanya jioni. Hesabu nzuri. Alichosahau ni kwamba gari haziingii. Unapaki huko juu, halafu ni vidato. Vidato vya mawe, vimelainika, vinateremka, na kilichoteremka kitapanda. Masanduku yana kitabu cha karatasi nzito, maana msanii anataka karatasi nzito. Magoti yangu hayana shahada.

Nikatandika meza yangu ndogo uchochoroni, kivulini. Pembeni yangu kajikalia kitoto cha miaka kumi hivi, kinauza ndimu na tende za paketi. Hakisemi kitu. Mzungu anapita, anaona tende, anajua hii tende, anatoa riali, anakwenda. Mie nna kitabu cheusi chenye picha ya ukuta na macho mawili. Mzungu anasimama. Anauliza, hii ni nini? Na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu nikisema ni mchezo anatafuta ubao, nikisema ni kitabu anauliza nani kakiandika, nikisema ni majini anamshika mwanawe mkono.

Na huku mtu hasimami mbele yako bila kupewa kahawa. Ndiyo ada. Kwa hiyo namimina. Na tende. Anakunywa, anasifu, anakunywa cha pili, anatikisa kikombe kama alivyosoma kwenye kitabu chake cha safari, anashukuru, anaenda kununua ndimu kwa yule mtoto.

Wa kwanza kuchukua mchezo kwa dhati alikuwa ami mmoja wa hapo, mzee wa heshima. Akakigeuza kitabu huku na huku. Majini hayakumshughulisha, majini huku ni majirani. Akauliza jambo moja: "Mna dadu humu?" Nikakohoa. Zilikuwamo. Kijana kaagiza dadu za ajabu, zina nyuso ishirini, kila bahati inatupwa hapo. Na habari ya nardashiri, ule mchezo wa dadu, na makemeo yake katika hadithi kila aliyekaa chuo cha Kurani anaijua. Ami akakirudisha kitabu taratibu. Kahawa hakurudisha.

Nikampigia kijana. Badala ya kuufunga mradi, akafurahi! Akasema tutatoa dadu, tutatia kokwa za tende. Kokwa ishirini, zimeandikwa namba kwa wino, zimo kwenye kifuko cha kitambaa, mchezaji anatia mkono anatoa moja. Akasema hata wale wenyewe wa Dungeons & Dragons mwaka 1979 dadu ziliwaadimikia, wakatia vipande vya karatasi ngumu vyenye namba sandukuni, watu wakavichomoa kikombeni. Nikasema vizuri, na sisi tutie karatasi. Akasema hapana, tende ina asili yetu.

Asili sawa. Lakini kokwa inatoka wapi? Ndani ya tende. Na tende inakwenda wapi? Kila sanduku kokwa ishirini. Piga hesabu mwenyewe. Daktari wangu wa sukari alipoona karatasi ya vipimo aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia niko kwenye tasnia ya michezo.

Ami alipoziona kokwa akacheka, akasema hizo hazina neno. Hakununua lakini.

Sasa sikiliza iliyonimaliza. Walikuja Wajerumani, mke na mume, vijana, na rafiki yao. Hawa kwa mara ya kwanza walijua! Mume akaruka kwa furaha, kumbe kwao anacheza kila wiki, michezo ya namna hii Ujerumani ina mashabiki wake na vitabu vyao wenyewe tangu miaka ya themanini. Nikasema alhamdulillahi, leo tunauza. Akasema: "Tuonyeshe." Nikamwonyesha kitabu. Akasema hapana, tuonyeshe, tucheze kidogo. Msimulizi nani? Wote watatu wakanitazama mie.

Mie sijawahi kukisoma kile kitabu. Nikafungua ukurasa uliofunguka. Ukasema jini anawatokea wasafiri kwa sura ya punda. Nikawaambia, punda katokea. Wakauliza, anafanya nini? Nikasema amesimama. Wakauliza, analiaje? Watu wa nchi za baridi wana maswali. Nikasema analia kama punda. Mke akasema kwa upole, kwao msimulizi mzuri huigiza.

Bwana wee, nilikuwa nimeshawamiminia kahawa yote. Masanduku yamejaa. Dada ataniuliza. Nikainama, nikashika meza, nikatoa mlio wa punda, wa nguvu, wenye kupanda na kushuka, uchochoro ukaitikia juu mpaka chini. Wakapiga makofi. Nikatia mwengine. Hapo hapo kwenye kona akatokea mkwe wangu, mama yake mke wangu, na wanawake watatu wa Al Hamra, wamekuja kutembea bustanini. Mie nimeinama. Kanzu vumbi. Mdomo wazi.

Mkwe hakusema neno. Akavuta shela yake, akapita kama aliyepita kwa mtu asiyemjua. Ila mmoja wa wale wanawake ana simu, na simu ina kamera, na ukoo wetu una group lenye watu Unguja, Mombasa, Dubai mpaka Uingereza. Kabla sijafika juu kwenye gari, Unguja walikuwa wameshanijibu kwa mlio.

Na Wajerumani? Walisifu sana. Wakasema begi zao za ndege zimejaa, je kuna faili? Lipo. Mpwa wangu kachapa kile kiboksi cha kupigwa picha kwa simu, unalipa riali mbili, kitabu kinaingia kwenye simu. Riali mbili zikenda moja kwa moja benki kwake. Hakuna karatasi, hakuna kokwa, hakuna vidato. Na hakuna mjomba ndani ya hesabu hiyo.

Wengine wanataka wapelekewe kwao kwa posta. Ulikwisha kuuliza bei ya kutuma kilo moja Ulaya? Usiulize. Nauli inauzidi mchezo, halafu mteja anakuandikia kwa hasira kama vile ndege ni yako.

Nikakaa nikapiga hesabu ya hii inayoitwa kuuza moja kwa moja. Riali sita nzima, hakuna wa kukata nusu. Kuchapa riali mbili na nusu. Imebaki tatu na nusu. Toa petroli kutoka Al Hamra. Toa kahawa, hiliki na zafarani, maana mgeni humpi kahawa ya aibu. Toa tende za kuliwa na tende za kutolewa kokwa. Toa dawa ya magoti. Toa heshima yangu kwa mkwe, ambayo haina bei ya jumla wala rejareja. Wallahi nilikuta mie ndiye nnayemlipa mteja.

Nikamwambia kijana, twende dukani. Akanuna. Nusu, mjomba! Nikasema nusu.

Tukateremka Nizwa, souq ya pale chini ya ngome. Duka lenyewe silitaji. Mwenyewe kauza majambia, fedha, vyungu vya Bahla, ubani. Akatuangalia na sanduku letu. Akasema sharti zake: mali kauli. Yaani tuache mzigo, kikiuzwa tugawane nusu kwa nusu, kisipouzwa tuje tuchukue chetu. Riali tatu kwake, tatu kwetu, tukitoa kuchapa tunabakiwa na baisa mia tano. Kijana akabadilika rangi. Akanivuta nje, akanifungulia simu. Mjomba, mali kauli hatari! Akanisomea ya Diamond Comic Distributors, aliyekuwa msambazaji mkubwa Marekani wa vitabu vya katuni, na tawi lake la Alliance likisambaza michezo. Januari 2025 wakaenda mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi. Baadaye mwaka ule ule ikaombwa mahakama iruhusu kuuza hata mzigo wa watu uliowekwa kwao kwa mali kauli, ili wanaodai walipwe. Wachapishaji wakabaki wanagombea vitabu vyao wenyewe.

Nikamwambia, mwanangu, yule baba kauza majambia tangu hujazaliwa, akifilisika yeye Nizwa nzima imefilisika. Acha mzigo. Magoti yangu hayana mahakama.

Tukaacha. Na mwanzo, kusema kweli, lile duka lilitufukia. Masanduku yakawekwa nyuma ya vyungu, juu yake kikawekwa chetezo. Kuna mama akalinunua moja kwa ajili ya sanduku tu, atie udi. Mwengine alidhani ni kitabu cha dua, akalirudisha mbio. Nilipopita Ijumaa, soko la mbuzi limechangamka, watu hawapitiki, mwenye duka akaniambia michezo yenu haina macho ya mteja. Nikamwambia ina macho mawili, yako kwenye jalada, yamefunikwa na chetezo chako.

Lakini pale dukani pana kijana wa Kerala, ndiye anayeuza hasa. Na unajua maduka ya huku mchana yanafungwa, saa saba mpaka saa kumi, jua halina mjadala. Kijana kakaa humo ndani na feni, kachoka simu, kachukua kitabu. Kakisoma. Chote! Mtu wa kwanza duniani baada ya mtungaji. Jioni akawaita wenzake, wa duka la viungo, wa duka la simu, wa halwa. Wakakaa nyuma kwenye makreti. Msimulizi yeye. Nilikwenda kuchungulia: nahodha wa Sur sasa anatokea Kochi, jini la Bahla linasema Kimalayalam, na watu wazima wanapiga kelele kwa kokwa ya tende iliyotoka namba kumi na tisa. Wateja wanasikia kelele, wanachungulia, wanauliza. Na yule kijana hawaelezi kitu. Anawaambia kaeni, wewe utakuwa mchunga mbuzi.

Masanduku yakatoka. Chetezo kikahamishwa.

Mpwa wangu akanieleza kwamba hata huko Marekani na Ulaya maduka ya michezo hii yanaweka meza, watu wanacheza jioni, ndivyo yanavyoishi mbele ya wanaouza kwa bei ya chini kwenye intaneti. Na kuna wachapishaji waliokubaliana na maduka, mpango wao unaitwa Bits and Mortar: ukinunua kitabu dukani unapewa na faili lake bure, usilazimike kumkwepa mwenye duka. Nikamwuliza, sasa haya ulikuwa unayajua siku zote? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, na mie nikalia punda kwa nini? Akasema nilikuwa natafuta soko, mjomba.

Bado ananung'unika. Riali tatu zote kwa mwenye duka! Namwambia mwenye duka asiyecheza mnyime hata baisa, atakuwekea chetezo juu. Anayecheza mpe nusu na umshukuru, maana ile nusu ndiyo mlio wa punda, anaulia yeye. Kwenye nusu hiyo mie ningeongeza na kitu kidogo kwa yule kijana wa Kerala, lakini mwenye duka akisikia atasema namharibia mtu wake.

Basi wewe unayesoma, ukiutaka mchezo nenda Nizwa, souq, duka la vyungu na majambia, jioni, fuata kelele. Riali sita, ile ile. Wanaotaka faili wamtafute mpwa wangu, mie sijui linakaa wapi. Huku Misfat karibu, kahawa ipo, kaa kivulini, sina kitu nnachouza. Na nyinyi wa Unguja mlio kwenye group la ukoo, nawaomba kwa Mungu, ile picha ifuteni.